Popo darini: cha kufanya kabla fundi hajaezua bati

Minada ya korosho ikianza Oktoba, nyumba za Mtwara na Lindi huanza kubadilika sura. Malipo yakipita chama cha msingi na kumfikia mkulima, mwenye makuti anawaza bati, mwenye bati la kutu anawaza bati la rangi, na aliyezoea kulala akitazama kenchi anamtafuta fundi wa jipsamu. Fundi anapanda, anainua bati la kwanza karibu na kofia ya paa, anakuta popo wamejibana kwenye mbao kwa makumi au kwa mamia, na harufu inayochoma macho. Anaita kutoka juu: "Mama, hawa tunawafanyaje?"

Majibu yanayosikika sana ni matatu: wafukizwe pilipili, wapuliziwe dawa ya wadudu, au wazibiwe humo humo wafe wenyewe. Na tangu ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa mkoani Kagera Machi 2023, kisha ukatangazwa tena mkoani humo Januari 2025, wapo wanaoona hata kuuliza ni kupoteza muda. Popo ni ugonjwa, wanasema, aondolewe kwa njia yoyote.

Nakubaliana na nusu ya hoja hiyo. Familia ina haki ya kulala katika nyumba isiyodondosha mavi ya popo juu ya chandarua. Lakini njia zote tatu zinashindwa kuleta nyumba safi, zinaongeza nafasi ya mtu kugusana na popo mgonjwa, na zinaua wanyama ambao wangeondoka wenyewe kama wangepewa njia na wakati. Wakati ndio jambo kubwa, na kwa sisi watu wa kusini kalenda ya korosho na kalenda ya popo zinagongana vibaya. Nitafika hapo. Kwanza tumjue mgeni wenyewe.

Nani hasa yuko juu ya dari?

Popo ni mnyama anayezaa na kunyonyesha, ingawa anaruka. Duniani zimeshatambuliwa aina zaidi ya 1,400, na kwa mtu anayejenga inatosha kuzigawa mafungu mawili. Kuna popo wala matunda: wakubwa, macho makubwa, uso unaofanana na wa mbwa mdogo, hao wanaogombana usiku juu ya mwembe na kudondosha maembe yaliyotafunwa. Hawa wengi hulala mitini au mapangoni. Kisha kuna popo wala wadudu: wadogo, wengine mwili hauzidi kidole gumba kwa urefu, wanaotoka jua linapozama kwa mfululizo kutoka kwenye upenyo wa ukuta.

Wa darini karibu wote ni wa fungu la pili, na hasa jamii ambayo wataalamu huiita popo wenye mkia huru, kwa sababu mkia wao umetokeza nje ya ngozi ya mabawa. Hawa wana sifa moja ya ajabu: wanastahimili joto. Wamekutwa wakipumzika chini ya mabati ambako joto limepita nyuzi 40. Asili yao ni kujibana kwenye nyufa za miamba, chini ya magome na ndani ya miti yenye mashimo. Nafasi iliyo kati ya bati na kichwa cha ukuta ni nyembamba, ina giza na ina joto, yaani ina kila kitu walichokuwa wakikitafuta porini. Kila tunapokata mti mzee wenye shimo na kuezeka bati jirani yake, tunawahamishia makazi.

Mahali popo anapopumzika tuite maskani. Si kiota, maana popo hajengi kitu wala hatagi. Maskani si za aina moja. Ipo ya mchana, ambamo wanalala. Ipo ya usiku, kwa mfano ukingo wa baraza ambapo popo mmoja anakuja kula panzi aliyemkamata na kuacha mabawa yake sakafuni. Na ipo maskani ya malezi, ambamo majike hukusanyika kuzaa na kunyonyesha. Ukiwa na maskani ya usiku barazani, fagia uendelee na maisha. Ukiwa na maskani ya malezi darini, kila uamuzi wa ujenzi unabadilika.

Popo wengi huzaa mtoto mmoja tu kwa uzazi. Hawa wenye mkia huru wanaweza kuzaa zaidi ya mara moja mvua zikiwa nzuri, lakini bado ni mtoto mmoja kila mara. Panya wa darini anaweza kuzaa wanane kwa mkupuo, na baada ya wiki chache wale wanane nao wako tayari. Ukiua panya mia, wanarudi haraka. Ukiua popo mia wa dari moja, umefuta miaka ya uzazi ya eneo zima, kwa sababu popo huishi muda mrefu kuliko umbo lao linavyoonyesha. Zipo aina ndogo kabisa ambazo zimeishi zaidi ya miaka 30.

Mambo yanayosemwa juu yao

Tuyapitie, maana ndiyo yanayomfanya mtu mwenye huruma kwa kuku na mbuzi akaweza kumwagia petroli popo bila kusita.

Inasemwa popo hunya kwa mdomo. Hili nimelisikia tangu utotoni na bado linasemwa na watu wazima wenye elimu. Wanachokiona ni kweli, ila maelezo yake ni mengine: popo mla matunda hutafuna tunda, hufyonza maji yake, kisha hutema nyuzi zilizobaki zikiwa zimebanwa kama tonge dogo. Hilo tonge ndilo linalodondoka. Njia ya haja anayo, tena ipo pale pale ilipo kwa mamalia wengine.

Inasemwa hunyonya damu. Popo wanaoishi kwa damu wapo aina tatu tu duniani, na wote wako Amerika, kuanzia Mexico kwenda kusini. Afrika hawapo. Inasemwa popo ni kipofu. Haoni vibaya, na wale wakubwa wala matunda wana macho mazuri kuliko yetu gizani; wadogo huongezea kwa kutoa sauti nyembamba ambazo sikio letu halizisikii, wakasikiliza mwangwi wake ili kujua mdudu yuko wapi na ukuta uko wapi. Inasemwa hutafuna nyaya za umeme na mbao. Ukikuta waya umetafunwa, mtafute panya, kwa sababu popo hana meno ya kuguguna wala haja ya kufanya hivyo. Kinachoharibu jipsamu ni mkojo na uzito wa mavi yaliyolundikana miaka mingi.

Na lipo la uchawi. Hofu ya popobawa, zimwi lililosemwa kuwavamia watu usiku, iliyotikisa Unguja na Pemba mwaka 1995 ilivuka bahari, na popo halisi wanabeba jina lile mpaka leo. Sitabishana na imani ya mtu hapa. Nasema tu kwamba popo wa darini yuko pale kwa sababu ya joto na upenyo, na upenyo ukizibwa kwa utaratibu haji tena.

Upo pia uongo unaowapendelea popo, nao haufai. Watu wanaowatetea wakati mwingine husema popo watamaliza mbu wa mtaa mzima. Wanakula mbu, ndiyo, lakini chakula chao kikubwa ni nondo, mbawakawa, kunguni wa mimea na wadudu wengine wenye shibe zaidi. Chandarua usikitupe. Faida yao kubwa iko shambani. Huko Afrika Kusini, uchunguzi wa vinyesi vya popo kwenye mashamba ya makadamia ulithibitisha kwamba wanakula wadudu wafyonzaji wanaoharibu kokwa, na wapo wakulima waliotundika masanduku ya popo kwa ajili hiyo.

Na ugonjwa je?

Hapa lazima tuseme kwa uangalifu, kwa sababu hofu ina msingi ila imeelekezwa pasipo sahihi.

Virusi vya Marburg vinahusishwa na aina moja hasa: popo mla matunda anayeishi mapangoni na machimboni kwa makundi makubwa. Huyo si popo mdogo wa chini ya bati. Aliye hatarini zaidi ni mtu anayeingia pangoni au mgodini na kukaa humo saa nyingi miongoni mwa maelfu yao. Kwa hiyo kijana wa Kilwa anayeingia mapango ya milima ya Matumbi kutafuta mavi ya popo ya mbolea ana jambo la kufikiria kuliko mama wa Nachingwea mwenye popo hamsini kwenye fishabodi, ule ubao wa ukingo wa paa.

Popo wa darini nao wana virusi vyao. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kuwa wamegundua nchini Sierra Leone kirusi cha jamii ya Ebola, wakakiita Bombali, ndani ya popo wenye mkia huru waliokuwa wakiishi kwenye nyumba za watu. Baadaye kikapatikana pia kwa popo wa Kenya na wa Msumbiji. Mpaka sasa hakijajulikana kumuuguza mtu yeyote. Naliandika hili ili usije ukaambiwa na mwingine ukadhani umefichwa. Maana yake kwa mjenzi ni moja: usiwashike kwa mikono mitupu, na usiwatibue bila sababu.

Kuhusu kuwaua, upo mfano wa Uganda ambao ningependa kila ofisi ya afya iubandike ukutani. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa nchi hiyo, waliugua Marburg. Mwaka uliofuata popo wa mgodi ule waliangamizwa na viingilio vikazibwa. Miaka michache baadaye popo walikuwa wamerudi, wachache mno kuliko mwanzo, lakini walipopimwa, waliokuwa na virusi walikuwa zaidi ya 13 kwa kila mia, wakati kabla ya mauaji walikuwa kama 5. Na mwaka 2012 Marburg ikalipuka wilayani Ibanda, jirani na mgodi ule. Wataalamu wanaeleza hivi: ukiua kundi la zamani lenye popo wengi waliokwisha kuugua na kujijengea kinga, unaacha nafasi wazi kwa popo wachanga wasio na kinga, na virusi vinapita kwao kwa urahisi.

Hatari mbili ndizo zinazomhusu fundi wa kawaida. Ya kwanza ni vumbi. Mavi ya popo yaliyokaa muda mrefu yanaweza kuotesha kuvu ambao mbegu zake zikivutwa huingia mapafuni na kuleta homa na kikohozi kinachofanana na kifua kikuu. Fundi anayefagia dari kavu kwa ufagio wa chelewa akiwa amejifunga fulana puani amejiweka pabaya. Ya pili ni kung'atwa. Popo wa Afrika wanaweza kubeba virusi vya ukoo mmoja na kichaa cha mbwa. Mwaka 2007 mtalii kutoka Uholanzi alikwaruzwa na popo nchini Kenya, akafariki baada ya kurudi kwao. Ni tukio la nadra sana, maana kichaa tunachokijua hapa kwetu karibu chote kinatoka kwa mbwa. Hata hivyo utaratibu ni ule ule: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaeleze kwamba ni popo.

Kalenda mbili zinazogongana

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe. Mikoa yetu ya kusini ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili, pengine Mei. Mvua ikinyesha wadudu wanafumuka, na popo wala wadudu hupanga uzazi wao uangukie kwenye wingi huo. Majike wanabeba mimba mwishoni mwa kiangazi, wanazaa mvua zikikaribia au zikiwa zimeanza, na wananyonyesha katikati ya masika.

Rudi sasa kwenye pesa ya korosho. Inaingia Oktoba, Novemba, Desemba. Ndiyo miezi ambayo fundi anaezua. Kwa maneno mengine, tunafungua mapaa yetu katika wiki zile zile ambazo watoto wa popo wako juu ya mbao, hawana manyoya, hawajui kuruka. Mtoto wa popo huhitaji wiki kadhaa kabla hajaweza kutoka mwenyewe. Usiku mama yake anamwacha na kwenda kula. Ukiziba upenyo usiku huo kwa nia njema, ukidhani wote wameshatoka, umewafungia nje mama na kuwaacha watoto ndani. Watakufa kwa njaa siku mbili tatu zinazofuata, na harufu yake, funza na madoa yake yatapita kwenye jipsamu mpya uliyoilipia. Mama nao hawaondoki. Watazunguka nyumba, wataingia madirishani, watatafuta upenyo mwingine. Hapo ndipo popo wanapoingia vyumbani, na watu wakasema wamekuwa wakali.

Suluhisho lipo, na halidai mtu asubiri pesa ya mwaka mwingine. Kuwatoa popo ni kazi ya gharama ndogo. Kuezeka ndiko kunakokula pesa. Basi zitenganishe. Watoe popo kati ya Juni na Septemba, kipupwe na kiangazi, wakati watoto wa msimu uliopita wanaruka na wa msimu ujao hawajazaliwa. Ziba. Pesa ikija Oktoba, fundi anakuta dari tupu na anafanya kazi yake kwa utulivu. Hata kama bati la zamani limebakiza miezi mitatu, kuziba pembeni mwake kwa udongo, vipande vya mbao au simenti hakumalizi mfuko.

Namna ya kuwatoa

Anza kwa kutazama. Kaa nje jua linapozama, jioni kadhaa mfululizo, wewe na watoto wakubwa, kila mmoja upande wake wa nyumba, taa za nje zikiwa zimezimwa maana mwanga hufanya popo wachelewe au wagome kutoka. Andikeni wanatokea wapi. Upenyo wa kupitisha kidole gumba unawatosha. Mchana utauona kwa alama: ukuta una mafuta ya rangi ya kahawia na chini yake kuna vipunje vyeusi. Kishike kipunje kwa kijiti ukiponde. Kikisagika kuwa unga wenye vipande vya mabawa ya wadudu vinavyometa, ni cha popo. Cha panya huwa kigumu.

Nyumba za bati la migongo zina tatizo la pekee, nalo ni kwamba kila wimbi la bati juu ya ukuta ni mlango. Ziba yote ambayo popo hawayatumii, pamoja na mengi wanayoyatumia, ukiacha njia mbili au tatu kubwa. Fanya hivyo ukiwa na hakika kwamba walioko ndani bado wanazifikia njia ulizoacha.

Kwenye njia hizo ulizoacha, pigilia kipande cha wavu wa dirishani, ule wa plastiki wenye matundu madogo. Kishike juu na pembeni, kiache wazi chini, kining'inie kama nusu mita chini ya tundu, kikiwa na nafasi kidogo kati yake na ukuta. Waliozoea bahari watalielewa haraka: dema humwacha samaki aingie na kumnyima njia ya kutoka, huu ni dema uliogeuzwa. Popo anatoka tunduni, anatambaa kushuka ndani ya wavu na kuruka zake. Akirudi alfajiri anakwenda moja kwa moja pale tunduni anaposikia harufu ya kwao, anakuta wavu, na hajui kuanzia chini. Asubuhi atakuwa ametafuta pengine pa kulala. Usitumie wavu wa samaki. Matundu yake makubwa yanamnasa mabawa, na utaamka ukute amekufa amening'inia mlangoni kwako, au yu hai na wewe ndiye utakayelazimika kumnasua.

Uache wavu usiku saba. Mvua ikinyesha au upepo wa kusi ukiwa mkali, ongeza siku, kwa kuwa popo wanaweza kukaa ndani usiku mzima wakisubiri. Kisha tazama tena jioni. Asipotoka hata mmoja siku mbili, toa wavu na uzibe moja kwa moja.

Wakati wa kusafisha, maji yatangulie. Nyunyiza mavi yalowane ndipo uyachote kwa koleo, barakoa ya kuzuia vumbi ikiwa puani, ile nene inayobana uso. Ya kitambaa haitoshi. Vaa glavu na nguo utakayoivua nje. Kisha yafukie au yachanganye kwenye lundo la mboji na kuliacha lioze vizuri kabla hujalipeleka bustanini.

Pilipili, moshi, vidonge vya kabatini (vile vyeupe vya kufukuza wadudu kwenye nguo) na dawa ya wadudu niliviacha makusudi. Moshi unawatoa mchana, wanaangukia watoto na kuku, kisha usiku wanarudi. Dawa inawaua polepole, nao wakiwa dhaifu wanaanguka sakafuni, mahali mtoto atakapowaokota. Na vidonge vya kabatini vikiwekwa vya kutosha kumkera popo, vinamdhuru mtu anayelala chini yake pia. Vivyo hivyo dawa ya mchwa ya mbao: paka mbao zikiwa chini, zikauke kabisa, ndipo zipande. Huko Ulaya popo wengi walikufa kwa mbao za paa zilizopakwa lindeni, wakati dawa hiyo ilipokuwa ya kawaida huko.

Ukitaka kuwapa pengine pa kwenda, funga sanduku la mbao zisizopigwa randa juu ya nguzo au ukuta wa ghala, mita nne au zaidi kutoka ardhini, ndani kuwe na nafasi nyembamba ya sentimita mbili hadi mbili na nusu, chini wazi. Lipake rangi nyeupe kwa joto letu hili. Lifunge miezi kadhaa kabla ya kuwatoa darini, ili walijue. Si lazima walikubali mwaka wa kwanza.

Magofu, makalavati na mibuyu

Nyumba ya mtu ni sehemu moja tu ya habari hii. Mikindani ina kuta za mawe ya matumbawe zilizopoteza mapaa miongo mingi iliyopita. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, zilizoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, ziliwekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004 na kuondolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Kazi ya namna hiyo ni kujaza chokaa kwenye nyufa, ufa kwa ufa. Ufa wenye kina ni maskani, na popo aliyelala ndani yake mchana hamsikii fundi mpaka chokaa imeshaziba mlango. Kabla ya kuziba, fundi amulike kwa tochi ndogo. Akiona manyoya au akisikia mlio, auache ufa ule hadi jioni wapite, au auache wazi kabisa kama haubomoi ukuta. Majengo ya kale yako chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwa hiyo kazi zake zina msimamizi, na ndiye wa kuambiwa.

Barabara nazo. Mvua za kimbunga Hidaya, Mei 2024, zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi kwa kubomoa madaraja na makalavati, na kazi ya kuyajenga upya ikafuata. Popo hupenda viungio vya zege chini ya madaraja na makalavati makavu. Kukagua kabla ya kubomoa kunachukua asubuhi moja.

Mbuyu nao usiuhesabu kama kizuizi cha kiwanja tu. Ua lake hufunguka jioni na kunyauka kesho yake, na huku Afrika Mashariki popo wala matunda ni miongoni mwa wanaolichavusha. Mbuyu mzee wenye shimo unaweza kuwa ndio maskani ya popo waliokuwa waje kwako. Huko Pemba, popo mkubwa asiyepatikana pengine popote duniani alikuwa miaka ya 1990 kati ya wanyama walio karibu kabisa kutoweka. Wanavijiji wakalinda miti anayolala, kama pale Kidike, na idadi yake ikapanda tena.

Uingereza wamelipeleka jambo hili mbele ya sheria. Tangu mwaka 1981 maskani ya popo inalindwa, hata wakati popo wenyewe hawamo, kwa kuwa wanarudi mahali pale pale msimu hadi msimu; mwenye nyumba mwenye popo hupata ushauri wa mtaalamu na, inapobidi, kibali kabla ya kugusa paa. Kwetu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitaka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira chini ya chombo cha taifa cha mazingira. Mtambo wa gesi unaopangwa Likong'o mkoani Lindi, kwa mfano, hauwezi kukwepa hilo. Nyumba ya vyumba vitatu Masasi haimo humo. Popo wake wako mikononi mwa mwenye nyumba na fundi wake.

Na kama tayari umeshaezua, ni Desemba, na watoto wa popo wako juu ya mbao? Rudisha bati la upande huo, hata kwa misumari michache. Mwambie fundi aendelee na upande mwingine, au na plasta, au na choo. Mtoto aliyeanguka aokotwe kwa kitambaa kinene au glavu, awekwe kwenye boksi lenye kitambaa, na jua likizama boksi liwekwe juu karibu na upenyo, mbali na paka na siafu. Mama anaweza kumfuata kwa sauti yake na kumbeba. Ukiona kundi ni kubwa au kuna aliyeng'atwa, mpigie afisa wanyamapori wa halmashauri na umwone daktari. Bati lililobaki lipange ulihifadhi pakavu. Upande ule utaezekwa mvua zikikatika, wavu ukiwa umeshatangulia.